Kunyenyekeana katika Waefeso 5
Nimesoma tena Waefeso 5 nikiwa na matini ya Kigiriki kando, na kitenzi hypotasso (kujiweka chini ya mwingine, kunyenyekea), kilichoundwa kwa hypo, yaani chini, na tasso, yaani kupanga, kimenigusa sana. Katika aya ya 21 waamini wote wanaagizwa kwa kitenzi hicho kunyenyekeana kwa kumcha Kristo. Aya ya 22, inayowahusu wake kwa waume zao, haina kitenzi chake yenyewe katika nakala za kale za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, kama P46 (ya mafunjo) na Kodeksi ya Vatikano (ya ngozi), bali inakiazima kutoka aya hiyo iliyotangulia. Kwa hiyo naona si haki kabisa kuihubiri ya pili huku ya kwanza ikinyamaziwa. Tena Luka 2:51 inatumia hypotasso kwa Yesu mwenyewe, alipowatii wazazi wake kule Nazareti.