Mawe Yanayobaki Baada ya Trela Kuondoka

Juzi usiku, tukitoka Malaba kuelekea Kampala, tulikuta ndani ya msitu wa Mabira trela lililovunjika ekseli, limesimama nusu barabarani bila taa wala pembetatu ya onyo, isipokuwa matawi mabichi ambayo utingo aliyatandaza hatua chache tu nyuma yake. Matawi siyalaumu sana, kwani ni afadhali kuliko giza tupu. Ninacholaumu ni kwamba gari likishatengenezwa, mawe yaliyozuia magurudumu huachwa palepale juu ya lami, na mwendesha bodaboda hayaoni mpaka ameshayavamia. Mbele kidogo tulikuta mengine ya namna hiyo. Tulishuka, tukasukuma matatu hadi mtaroni. La nne, kubwa kama sufuria ya posho, lilitutoa jasho.