Nilivyowaeleza wavuvi wa Amu mvuke wa Olkaria

Swali liliulizwa barazani baada ya sala ya laasiri, na aliyeuliza ni nahodha mzee ninayemjua tangu utotoni. "Mwanangu, makaa mmeyakataa. Haya, stima itatoka wapi?"

Ilikuwa Julai 2019, hapa Amu, yaani Lamu. Mwezi uliotangulia, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kinu cha makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, cha megawati 1,050. Moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wavuvi na wachuuzi wa samaki, na barua za kupinga kinu kile nilikuwa nimeandika nyingi hadi vidole vikaniuma. Hukumu ilipotoka nililia kwa furaha. Lakini nahodha alipouliza swali lake, nilichoweza kumjibu ni maneno mawili tu: "Mvuke, baba."

"Mvuke wa wapi?"

"Wa Naivasha."

Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Basi njoo siku moja utueleze vizuri, maana hatukuelewa."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kisiwa chetu kimeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya laini kubwa ya kilovolti 220 kutufikia kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Sisi wa samaki tunajua maana ya stima kukatika. Barafu ikiyeyuka usiku, asubuhi tewa na changu wanauzwa kwa bei ya kutupa, na mchuuzi aliyekopa anabaki na deni. Mtu aliyeonja hayo hawezi kuridhika na kuambiwa makaa ni mabaya. Anataka kujua kizuri kiko wapi na nani anakileta.

Nikaanza kusoma. Nilikwenda saiba ya Langoni nikachapisha Sheria ya Nishati ya 2019, iliyokuwa imeanza kutumika Machi mwaka huohuo. Yote ni Kiingereza. Binamu yangu anayesomea sheria Mombasa alinisaidia kwa simu, kifungu kwa kifungu, usiku baada ya watoto kulala. Pamoja na sheria nilisoma habari za Olkaria, kule karibu na Naivasha, kaunti ya Nakuru, mvuke wa ardhini unakozalisha stima, kila nilipozipata, nikajaza daftari zima.

Baraza la kwanza liliniharibikia. Nilisimama na daftari langu nikasoma: megawati kadhaa, mwaka fulani, waraka namba fulani. Nusu saa haikufika, wanawake wakaondoka kwenda kupika na vijana wakarudi kwenye simu zao. Nahodha alibaki mpaka mwisho kwa heshima tu, nami nilijua. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa sababu jambo lenyewe ni zuri na ni letu, na mimi ndiye niliyelifanya liwe gumu.

Kilichonifungulia njia ni kisima. Mjomba wangu alikuwa anachimba kisima upande wa Shela, ambako chini ya vilima vya mchanga ndiko kuna maji matamu yanayonywewa na mji mzima. Fundi alichimba siku tatu akapata maji ya chumvi. Akadai ujira wake wote. Mjomba naye akasema hakuagiza chumvi. Walizozana mpaka wazee wakaingilia, na uamuzi ukawa kwamba fundi alipwe, maana yeye kazi yake ni kuchimba, maji ni ya Mungu. Hasara akaibeba mjomba, na hapo hapo akaapa kwamba hachimbi tena.

Niliposikia kiapo kile nikaielewa sera yote ya mvuke ya nchi hii. Swali lake kubwa ni hilo la mjomba: kisima kikitoka kikavu, nani anaibeba hasara?

Baraza la pili sikuchukua daftari. Nilianza na kisima cha Shela, ambacho kila mtu alikuwa amekwisha kusikia kisa chake, nikawaambia Olkaria ni hivyohivyo, ila kisima kimoja kinaweza kushuka mita 3,000 na kugharimu mamilioni ya dola. Chini kule mawe ni ya moto kwa sababu Bonde la Ufa ni mahali ardhi inapoachana, na moto wa ndani uko karibu. Maji yaliyozama kwenye nyufa za mawe yanachemka. Ukitoboa penye nyufa, mvuke unapanda kwa nguvu, unazungusha mtambo, na maji yanayobaki yanarudishwa chini. Ukitoboa pasipo na nyufa, umezika pesa.

Na pesa zilizikwa kweli. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950 na havikufaa kitu. Mfanyabiashara angefanya kama mjomba, angeapa. Ila miaka ya 1970 serikali ilirudi ikichimba tena, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka. Kufikia 1985 ilikuwa mitambo mitatu, megawati 45. Mwaka 1982, katikati ya kazi hiyo, Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya rasilimali za jotoardhi, yaani joto la ndani ya ardhi, ikasema mvuke ulio chini ya ardhi ni mali ya serikali, na anayetaka kuutafuta aombe leseni.

Hapo nahodha akanikatiza. "Kwa hiyo serikali ndiyo tajiri wa mashua."

Sikuwa nimelifikiria hivyo, lakini ndivyo hasa. Kwetu tajiri ndiye anayetoa mafuta, barafu na chambo. Safari ikikosa, baharia amepoteza usingizi na tajiri amepoteza pesa. Bila tajiri anayekubali kukosa mara mbili tatu, hakuna anayefika maji ya mbali wanakopatikana jodari. Kuanzia hapo sikuhitaji kueleza peke yangu. Wazee walichukua mfano ule wakaumaliza wenyewe.

Niliwaambia kuwa tajiri huyu naye alilala. Baada ya 1985 mvuke ulikwenda polepole sana, na taifa likategemea mito. Ukame ulipokuja mwishoni mwa miaka ya 1990 mabwawa yakakauka, na mwaka 2000 nchi ikawa na mgao wa stima. Funzo lile ndilo lililosukuma mambo. Waraka wa Bunge Namba 4 wa 2004 kuhusu nishati ulitaka serikali iingie tena kwa nguvu kwenye kutafuta mvuke, na mwaka 2008 ikaundwa GDC, kampuni ya serikali ambayo kazi yake ni kuchimba kwanza. Ikipata mvuke inaufikisha kwa mtambo wa mtu binafsi na kumuuzia. Mwekezaji haji kubahatisha, anakuta kisima kimekwisha kutoboka. Mwaka huo wa 2008 serikali pia ilitangaza sera ya bei maalumu, yaani mzalishaji wa nishati mbadala ajue mapema atalipwa kiasi gani kwa kila uniti kabla hajaweka hata tofali. Mvuke uliingizwa katika sera hiyo baadaye, na ilipopitiwa upya 2012 bei yake ikawa senti 8.8 za dola.

Kwa maoni yangu, hatua ya kuchimba kwanza ina uzito kuliko ile ya bei. Bei nzuri haimsaidii mtu anayeogopa kisima kikavu.

Matunda yalionekana. Mwaka 2014 na mwanzo wa 2015 Olkaria iliongezewa megawati 280. Leo mvuke unatoa takriban asilimia 40 ya stima ya Kenya, usiku na mchana, mvua inyeshe au isinyeshe. Nilitoa bili ya chumba chetu cha barafu nikawaonyesha mstari wa gharama ya mafuta. Mitambo ya dizeli ikifanya kazi sana, mstari ule unapanda, na sisi ndio tunaolipa. Mvuke haununui mafuta. Mchuuzi mmoja wa pweza aliichukua ile bili mkononi akaisoma mstari kwa mstari, akasema, "Bi katibu, mbona hili hukutuambia mara ya kwanza?"

Nilitamani kumaliza hapo, lakini nisingekuwa nimewaambia ukweli wote. Mwaka uliopita nilikuwa nimekwenda harusini Naivasha. Ukipita karibu na mbuga ya Hell's Gate unaona mvuke mweupe ukipanda katikati ya milima na mabomba yanapanda na kushuka kama nyoka. Huko nilizungumza na mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza shanga. Aliniambia kuwa kwao ni kule mvuke unakotoka. Mwaka 2014, kwa ajili ya mtambo wa Olkaria IV, familia zilihamishiwa kijiji kipya. Baadhi yao walilalamika hadi kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa benki ya uwekezaji ya Ulaya kuhusu hali ya makazi mapya, barabara na hatimiliki, na ilibidi wapatanishwe. Maneno ya yule mama sikuyasahau: "Moshi wetu unawasha taa zenu."

Niliwaambia wenzangu hivyohivyo. Ukumbi ulikaa kimya, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiiwaza Kwasasi.

Ndipo nikafungua sheria ya 2019. Kifungu cha mrabaha wa jotoardhi kinasema mwenye leseni atalipa kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati anayotoa kwa miaka kumi ya mwanzo, na baada ya hapo kati ya asilimia 2 na 5. Fedha hizo zinagawanywa: serikali ya taifa asilimia 75, kaunti asilimia 20, na jamii ya pale asilimia 5. Neno "mrabaha" lilihitaji maelezo. Nilisema ni kama fungu la mwenye bandari, hata kama hakuvua yeye. Asilimia 5 ya mrabaha ni ndogo, na sitaisifu kuliko inavyostahili. Lakini imeandikwa. Mtu wa Olkaria anaweza kuidai mahakamani, haiombi kwa hisani.

"Na sisi wa Amu, fungu letu liko wapi?" akauliza kijana mmoja.

Katika mvuke hatuna fungu, nikamjibu. Mvuke uko Nakuru, nasi tunapata stima tu. Ila tunaweza kuchukua mwenendo ule tuudai kwa chochote kitakacholetwa kwetu, uwe upepo, jua au gesi. Hapo ndipo tulipoanza kuandika maoni yetu tuyapeleke serikalini. Tulikaa jioni nne. Binti wa nahodha ana mwandiko mzuri, yeye ndiye aliyeandika, mimi nikisoma sheria na wazee wakitoa maneno. Tulibishana siku nzima juu ya neno "jamii ya pale": je, mvuvi wa Kipungani anayevua karibu na Kwasasi ni wa pale? Tuliandika kwamba ni yeyote anayekula kutokana na maji hayo au ardhi hiyo. Naona ndiyo sentensi bora tuliyoandika.

Maoni yetu yalikuwa na mambo matatu. Kabla ya mradi wowote wa nishati Lamu, wananchi waelezwe kwa Kiswahili hasara ikitokea nani ataibeba. Fungu la jamii liandikwe ndani ya mkataba kabla ya shoka la kwanza kugusa mkoko. Na kaunti iunge mkono kupanuliwa kwa mvuke kitaifa, kwa kuwa kila megawati inayotoka Olkaria ni sababu moja zaidi ya kutorudisha makaa hapa.

Ofisi ya kwanza tuliyopeleka ilikataa kuyapokea kwa sababu hayakuwa kwa Kiingereza. Tulirudi siku ya pili, watu kumi na moja, tukaomba kwa adabu kuonyeshwa ni wapi panaposema Kiswahili hakipokelewi. Karani aliingia ndani, akatoka, akagonga muhuri. Nakala yenye muhuri ninayo kwenye sanduku la mama.

Mwaka 2023 niliposikia mtambo wa kwanza wa mtu binafsi umewaka Menengai, nako huko Nakuru, megawati 35, kwa mvuke wa visima ambavyo GDC ilianza kuvichimba 2011, nilimpelekea nahodha habari. Sasa haendi tena baharini, macho yamepungua. Alihesabu kwa vidole.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Tajiri ana subira." Kisha akaniomba nimsomee tena ile sehemu ya asilimia 5, polepole, ili amweleze mjukuu wake anayesoma Mokowe.