Kliniki ya presha Newala: ukali hauwamezeshi watu dawa

Nilipopangiwa kliniki ya presha na kisukari huku Newala, mkubwa wangu wa kazi aliniusia: "Sista, usiwachekee. Ukiwachekea hawamezi dawa." Ushauri huo ni mbaya na unaumiza watu. Mgonjwa aliyezoea kugombezwa anaitikia "ndiyo" haraka ili aondoke. Kadi zilionyesha wazi: kila mwezi imeandikwa "anameza vizuri", kila mwezi presha iko juu.

Kwanza niliwapumzisha. Wengi wanapanda mlima kutoka bondeni, upande wa Ruvuma, ukiwapima wanahema unapata namba ya mlima. Dakika tano benchini, miguu chini, hakuna kuongea, ndipo unapima.

Mzee mmoja nilimwomba anionyeshe dawa zake. Akafungua fundo la kitambaa, akatoa bahasha ya mwezi uliopita, vidonge vya amlodipini, dawa ya kushusha presha, karibu vyote vimo. Alikuwa akimeza kichwa kikimuuma, kama panado. Hakuna aliyemweleza kwamba presha mara nyingi haiumi popote, na kidonge ni cha kila siku hata ukijisikia mzima. Juu ya bahasha tumeandika 1x1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, na hiyo ni lugha yetu sisi, si yake.

Nikachora jua linachomoza, lenye miale, kumaanisha ameze asubuhi. Aliporudi presha imeshuka kidogo tu. Kumbe alikuwa anasubiri jua liwe utosini, maana jua lenye miale kwake ni jua kali. Saa hizo yuko shambani anaokota korosho, na dawa ziko nyumbani. Msimu ukikolea analala huko huko kibandani.

Nikaachana na michoro, nikamuuliza siku yake inakwendaje tangu anapoamka. Anatawadha, anaswali alfajiri, anakunywa uji, anatoka. Tasbihi yake haiachi popote, hata kibandani anakwenda nayo. Basi dawa tukaziweka kwenye kifuko cha tasbihi: akimaliza kuswali, anameza. Kisha nikamwambia, "Baba, nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Mama akikuuliza nyumbani, utamjibuje?" Akaeleza yote, hata la kutoacha dawa akijisikia nafuu. Hilo swali nalipenda sana, kwa sababu ukiuliza "umeelewa?" kila mtu ameelewa. Sasa presha yake iko chini ya 140 kwa 90, na mwenyewe anaisoma kwenye mashine kabla sijamtajia.

Wenzangu wanasema foleni itanishinda. Foleni inajazwa na wanaorudi wakiwa wamezidiwa! Na kwa walio imara, omba wapewe dawa za kutosha kabla ya Oktoba, msimu haujawabana.

Jambo lingine ni faragha. Chumba chetu kilikuwa wazi, mtu anaulizwa habari za mkojo benchi zima linasikia. Nilinunua kamba na khanga, elfu kumi na kitu, nikatenga kona. Mama mmoja, miaka yote "anameza vizuri", alipokaa nyuma ya ile khanga akaninong'oneza kwamba siku za mnada hamezi dawa ya kukojoa, ile ya kutoa maji mwilini, kwa kuwa sokoni hakuna choo. Nikamuuliza daktari, akaridhia siku hizo ameze akirudi nyumbani. Mwezi uliofuata miguu yake iliyovimba ilikuwa imenywea, viatu vinamwingia.