Darubini ya milimita 130: fokasi imefika, nyota zimeacha kuwa na pengo

Nilitaka kupiga picha za nyota kwa kamera ya Canon iliyofungwa kwenye darubini hii ya vioo, ila fokasi (pale taswira inapokaa kali) haikuifikia kamera. Hilo lenyewe halikusumbua sana. Kilichokataa kutoka ni pengo kwenye nyota.

Kipimo kwanza. Bomba la fokasi (linaloshika kamera na kusogea ndani na nje) likiwa limezama hadi mwisho, taswira ya Mwezi ilitua kwenye karatasi ya mafuta milimita 31 juu ya mdomo wake. Canon EF na ringi ya T (kiunganishi cha kamera na darubini) hudai 55 hadi kwenye kihisi (44 za kamera, 11 za ringi), na 1 ya bega la adapta. Upungufu: 25, yaani fokasi haitoki nje vya kutosha. Pima kwa Mwezi, usipime kwa mti. Kwenye urefu wa fokasi wa 650, mti ulio mita 100 hutupa fokasi nje kwa milimita 4 zaidi. Ukigeukia nyota, umekwama.

Wengi husukuma kioo kikuu mbele milimita 40 ili fokasi itoke nje wasipungukiwe. Ni kosa. Kwa f/5 (urefu wa fokasi ni mara 5 ya upana wa kioo kikuu), kila milimita 5 hunenepesha koni ya mwanga kwa 1 pale kwenye kioo kidogo, kinachougeuza mwanga kuelekea bomba la fokasi. Hiki kina upana wa 38. Ukisukuma 40, koni inafika 41, mwanga wa ukingoni unakikosa kioo, na darubini ya 130 inabaki ya 120. Nimeishia 28, kwa skrubu ndefu za M4 na springi ngumu, maana zile za kiwandani zikinyooka hulegea na vioo havikai sawa. Lenzi ya Barlow ×2 (huongeza urefu wa fokasi mara mbili) ingefikisha fokasi bila kufungua kitu, ila f/10 hudai muda wa kupiga picha mara nne. Asante, hapana.

Sasa pengo. Kila nyota angavu ilikuwa kama biskuti iliyong'atwa. Zungusha kamera, bado linaelekea upande wa fokasi: basi ni bomba lenyewe, lililochungulia ndani ya darubini milimita 26 na kuziba mwanga, ilhali nafasi kati ya ukuta na ukingo wa kioo kikuu ni 12 tu. Msumeno wa chuma, 15 zikaondoka, tupa laini, rangi nyeusi isiyong'aa. Vioo vyote vitolewe kwanza. Unga wa chuma hauna huruma. Kwa kuwa fokasi sasa iko nje zaidi, kutazama kwa macho kunahitaji kirefusho cha milimita 35.

Mpango ulikuwa kufunika ndani kwa kitambaa cheusi. Umeahirishwa, kwa sababu miale ya ajabu iliyobaki ilitoka kwenye vibanio 3 vya kioo kikuu. Pete ya kadi nyeusi yenye tundu la 126 imevificha, na koni imeshuka hadi 37.4, chini ya 38: kioo kidogo kimetosha tena.