Siku tuliyoyarudisha matete

Juzi binti yangu alikuja na kazi ya shule: taja mimea mitatu inayoota majini. Akaandika gugu maji, akakwama hapo. Mmea uliotoka Amerika Kusini ukaja kulisumbua Ziwa Victoria, ndio pekee anaoujua mtoto ambaye ukoo wake umekunywa maji ya vijito vya Lukuledi, mto wetu wa kusini mwa Tanzania! Kazi ikasimama, nikaanza kumsimulia matete, mafunjo na yungiyungi, na siku ile ya bibi.

Mnaokijua kijiji chetu mnakumbuka kijito chetu kilivyokuwa. Bustani za nyanya na mchicha zilishuka hadi ukingoni, matete yakafyekwa na kuchomwa, na kila masika ukingo ukawa unamegeka. Mvua ikinyesha yanapita maji ya tope, kiangazi yanabaki madimbwi. Ikaitishwa mikutano, mtendaji akatusomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pale panapokataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Maneno yakawa mengi, mwisho tukakubaliana tupande matete upya. Kijana mmoja alitaka tulete gugu maji kwa kuwa linaenea upesi. Namshukuru Mungu wazee walimkatalia palepale.

Tulisubiri mvua zikatike, maana maji yakiwa na nguvu huzoa kila kilichopandwa. Bibi mzaa mama ndiye aliyejua pa kukata, kule juu, penye kichaka cha matete kilichosalia. Akakaza kanga kiunoni, akaingia maji ya magoti. Kila bua alilolikata alilipitishia kidole gumba, kifundo kwa kifundo, akitafuta jicho. Jicho lililokauka, bua linatupwa. Lililo hai, jeupe, limevimba kidogo, ananishikisha na mimi.

"Usisimamishe, mjukuu wangu. Laza, ncha itazame maji yanakokwenda. Ukisimamisha yataing'oa."

Akaikandamiza pingili kwa kisigino mpaka tope likampanda katikati ya vidole. Kisha akatoa kiazi cha yungiyungi, cheusi, chenye nyuzinyuzi, akakifunga kwenye jiwe kwa jani la ukindu na kukizamisha pale maji yanapotulia.

"Majani yake ndiyo kivuli cha vitoto vya perege," akasema. Akabaki ameinama, mkono majini, kama mtu anayembembeleza mtoto mpaka usingizi umchukue. Sisi wengine tulisimama tu tukimngoja.

Mbuzi walikula sehemu, tukapanda tena. Misimu ikapita, mizizi ikashika, mchanga na tope vikaanza kutuama kwenye mabua, na upande wetu ukingo ukaacha kumegeka. Kwerea nao wakarudi kusuka viota.

Lakini mjomba alihamishiwa bustani yake juu, kwenye udongo wa kichanga. Nyanya za ukingoni ndizo zilizosomesha wanawe, na siku ya mkutano hakubisha hata neno moja. Sasa kila alfajiri anapandisha maji kwa ndoo, na umri ndio huo. Nikiyatazama matete nafurahi kabisa, nikimtazama yeye sijui niseme kijiji kilimtendea haki au kilimwonea.

Nilipokwenda mara ya mwisho alinipokea mzigo, akanionyesha kijito, akaniambia, "Maji yapo, mpwa wangu. Nani atanipandishia?"

Sikuwa na jibu. Tangu nirudi naulizia bei za pampu.