Gauni lenye milango miwili

Ushauri wa kwanza niliopewa baada ya kujifungua mtoto wa tatu ulikuwa wa neno moja: dera. Wifi yangu aliutoa akiwa amesimama mlangoni pa chumba changu, akinitazama ninavyohangaika na blauzi isiyokubali kufunga vifungo, kisha akaongeza, "Mama wa watoto watatu, unajipambia nani tena?" Sina ugomvi na dera. Hapa Tanga, kaskazi inapovuma na jasho likawa halikauki mwilini, hakuna vazi la nyumbani linalolishinda. Lakini anayelisifu mno hajawahi kupanda ngazi akiwa amebeba mtoto mkono mmoja na mfuko wa nepi mkono wa pili, huku pindo linajikunja chini ya unyayo, wala hajawahi kunyonyesha nalo mbele za watu, kwa sababu dera hufunguliwa kwa kuvutwa shingo mpaka ilegee, au kwa kupandishwa lote kutoka chini, na yote mawili ni aibu.

Ushauri wa pili ulikuwa wa shangazi, naye alitaka nisubiri. Alinifunga tumbo kwa kanga siku arobaini kamili, akivuta ncha kwa goti kama afungaye mzigo wa mkonge, na akaniapia kwamba nguo zangu zote zitanirudia. Tumbo lilitii kiasi. Kifua hakikutii hata kidogo, na kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha kuhusu kifua, niliamini nimepona, nikaenda harusini.

Gauni lenyewe lilikuwa la lesi ya kijani, bitana ya satini, limenibana kiunoni, na zipu yake ilikuwa mgongoni. Nililishonesha kabla ya mimba. Siku ile lilifungwa na watu wawili: wifi alikutanisha kingo mbili za kitambaa, na binti wa jirani alipaka sabuni kavu kwenye meno ya zipu ili iteleze, nami nikaagizwa nitoe pumzi yote na nisiirudishe mpaka niambiwe. Ilipofika shingoni walishangilia. Bodaboda sikuweza kuipanda, hata kwa kukaa upande, kwa jinsi sketi ilivyokuwa nyembamba; nikakodi bajaji, nikaketi nimenyooka kama msumari.

Mtoto alilia wakati bwana harusi anaingia ukumbini. Nilinong'ona, nikatikisa, nikampa kidole, akakitema. Nikatoroka naye hadi nyuma, walipokuwa wapishi, nikamwomba mama mmoja anifungue mgongo. Akavuta mara moja, kishikio cha zipu kikabaki mkononi mwake. Akaja wa pili, akajaribu kwa meno yake. Wa tatu alileta uma. Mtoto alikuwa ameshakuwa mwekundu, na maziwa yalikuwa yameanza kutoka yenyewe, yamechora duara mbili kwenye satini, kila moja ikikua kadiri kilio kilivyopanda. Mwishowe mama mtu mzima, aliyekuwa akichambua mchele bila kusema neno, aliinuka, akasema, "Hebu mpisheni mtoto," akafumua mshono wa ubavu wangu wa kushoto kwa wembe, nukta kwa nukta, akiacha tundu la urefu wa shibiri moja. Mtoto akanyonya pale pale. Wapishi walipiga vigelegele kuliko vile vya ukumbini.

Nilirudi kwenye sherehe nimejitanda kanga ya yule mama, yenye harufu ya moshi na binzari, na sikusoma jina lake mpaka nilipoona wageni wa meza ya mbele wakikonyezana. Pale chini ya mji wa kanga paliandikwa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Picha ipo, na kila anayekuja nyumbani huonyeshwa, si na mimi.

Kitu kimoja, hata hivyo, hakikunitoka kichwani: tundu la wembe lilifanya kazi kuliko nguo zote nilizokuwa nazo. Wiki iliyofuata nikalipeleka gauni, tundu na yote, kwa fundi wangu wa Ngamiani, mwenye cherehani barazani. Nikamwambia nataka tundu kama lile, lakini pande zote mbili na lisionekane. Alinitazama sana. Alidhani nataka zipu moja ya mbele, kama ovaroli la gereji, na ilinibidi nichore kwa chaki yake juu ya meza: mikunjo miwili inayoshuka kutoka mabegani mpaka kiunoni, na chini ya kila mkunjo zipu ndefu kidogo kuliko shibiri. Mtu akinitazama ataona mikunjo tu.

La kwanza liliharibika. Fundi aliacha meno ya zipu wazi kwa ndani, mtoto akawa anatoka na mistari shavuni kama aliyelalia mkeka. La pili tuliliwekea ukanda wa pamba laini nyuma ya zipu, na hilo ndilo lililofaulu. Ufundi ulinigharimu elfu kumi na tano au zaidi kidogo, sikumbuki, kwa sababu la kwanza tulibishana nani alipie. Mwambie fundi pia aache kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavu, kwani mwili wa mzazi hubadilika kila baada ya miezi michache.

Kitambaa nilikichagua kwa mbinu ninayojivunia. Nilikwenda dukani na kichupa cha maji, nikaomba ncha ya kila kitambaa, nikadondosha tone moja na kuhesabu mpaka kumi. Mwenye duka alitaka kunifukuza. Rangi moja tupu, hasa kijivu na buluu ya mpauko, ziligeuka nyeusi mara moja na tone likatambaa. Kitenge chenye maua yaliyosongamana kilimeza tone na mtu asijue lilipo. Tangu hapo sijanunua rangi moja kwa nguo ya juu. Kabla ya kukipeleka kwa fundi kifue kwanza, maana wanga ukitoka kitambaa cha pamba huweza kusinyaa, na gauni lililokutosha Jumamosi likakubana Jumatatu.

Likizo yangu ya siku 84 ilipoisha nikarudi kazini, na hapo ndipo milango iliponifaa kweli. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha nafasi isiyozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, ili amnyonyeshe mtoto. Kwa nguo za zamani robo nzima ya saa ingekuwa inakwenda katika kuvua na kuvaa. Sasa nafika nyumbani, naketi, zipu inashuka, na hata mtandio sivui. Mtandio wenyewe niliacha kuubana kwa pini, kwa kuwa mkono wa mtoto hautafuti kitu kingine. Nautandaza juu ya kofia ya pamba iliyonikaa barabara, nao hukaa. Hereni ndefu nimeziweka kabatini. Sketi zote zina lastiki nyuma tu, mbele ni bapa, na anayeniona ofisini hudhani nimefunga mkanda. Ndani ya mkoba hakikosi kipande kimoja cha kanga, ambacho hujitupia begani kabla ya kumpokea mtoto na kukivua nikishaagana naye, na ndiyo sababu nafika kazini bila uji mgongoni.

Wifi ameshonesha mawili kama yangu. Sikumwuliza anajipambia nani, ingawa ulimi uliwasha.

Mtoto sasa ana mwaka na miezi miwili, naye amejifunza kuifungua zipu mwenyewe. Aliifungua ile ya kulia juzi, nikiwa kwenye foleni ya benki, taratibu, bila kulia, akinitazama usoni. Nimelipeleka gauni kwa fundi aweke kishikizo kidogo juu ya kila zipu. Ameahidi Ijumaa, bila kutaja ni Ijumaa ipi.