Nilivyopiga hesabu ya digrii ya uhandisi ujenzi kabla sijaacha kazi

Mi nilikuwa tekinisheni, diploma ninayo, nakagua nondo kabla zege halijamwagwa, nasoma levo (kile kifaa cha kupimia usawa), mshahara unaingia. Sasa kila mtu akawa ananisukuma rudi shule kachukue digrii, na mjomba wangu ndo alikuwa kinara, "injinia hakosi kazi, kwani watu wataacha kujenga lini?" Hiyo kauli inanikera mpaka leo. Watu wanaacha kujenga jamani. Uchumi ukitikisika ujenzi ni kati ya vitu vya kwanza kusimama, mwaka 2008 Marekani, Hispania na Ayalandi nyumba ziliachwa nusu na mainjinia wakakaa benchi. Kama unapiga hesabu zako weka kabisa mwaka mmoja wa kusubiri ajira, ukipata kazi mapema hiyo ni faida yako.

Jedwali langu la kwanza lilikuwa takataka. Nilichukua ada, nikachukua mshahara wa injinia anayeanza, nikatoa mshahara wangu, nikagawanya. Ikaja kwamba digrii inarudi ndani ya miaka michache tu, nikafurahi nikakaribia kuandika barua ya kuacha kazi. Usiku sipati usingizi, kuna kitu hakikai sawa, nikaja kugundua sijaweka mishahara yangu mwenyewe nitakayoikosa kwa miaka minne nikiwa darasani! Miezi 48 hiyo. Ada yote ya miaka minne kwangu ilikuwa kama mishahara 20, kwa hiyo kitu kikubwa kuliko ada nilikuwa nimekisahau kabisa, na watu wote walionishauri hakuna hata mmoja aliyekitaja, wote wanaongelea ada tu. Jumlisha na miezi 12 ya kusubiri kazi, jumla 80.

Hapo utaona nimehesabu kwa mishahara sio kwa pesa. Huo ndo ujanja wangu ninaojivunia kuliko yote, maana pesa ya leo sio pesa ya miaka kumi ijayo, bei zinapanda unachanganyikiwa, lakini mshahara wa mwezi mmoja wa tekinisheni unapanda pamoja na vitu vingine, kwa hiyo nikaufanya ndo kipimo. Na ulinisaidia kwingine ambako sikutegemea. Mtu ukimuuliza analipwa ngapi anakukata jicho. Mi nikawa nauliza hivi, "injinia, mshahara wako unaweza kulipa matekinisheni wangapi?" Wanacheka, halafu wanajibu! Hajataja pesa yake, mi nimepata namba yangu. Niliuliza watu kama kumi na kitu, wa kwa mkandarasi, wa kwenye kampuni za ushauri wa uhandisi, na wa serikalini, na nikamuuliza kila mmoja yuko mwaka wa ngapi tangu amalize.

Majibu yalinishtua. Aliyemaliza juzi analipa tekinisheni mmoja na robo. Mmoja na robo! Ziada ya miezi 3 kwa mwaka, sasa gawanya 80 kwa 3 uone, ni zaidi ya miaka 26, umeshazeeka. Ila wale waliosajiliwa, wenye muhuri wao, wanaosaini michoro na kuibeba dhamana, walikuwa wanataja wawili na nusu na kupanda. Hiyo ni ziada ya 18 kwa mwaka. Nikaelewa nilikuwa napima zege siku ya 7 wakati nguvu yake inasomwa siku ya 28. Karatasi ya chuo peke yake hailipi, kinacholipa ni usajili, na usajili hauji siku ya mahafali, unafanya kazi miaka kadhaa chini ya injinia aliyesajiliwa (Marekani majimbo mengi yanataka miaka 4 na mitihani miwili juu yake).

Kwa hiyo kabla hujalipa hata fomu hakikisha hiyo programu inatambulika na bodi ya usajili. Rafiki yangu alisoma miaka minne yote pahali ambapo programu haikuwa imetambuliwa, kufika bodi wakamrudisha, nilisikitika sana maana ni kijana mwenye akili. Na kama una ndoto za kufanya kazi nje angalia kama nchi yako imo kwenye Mkataba wa Washington wa 1989, wanachama wanatambuliana digrii.

Baada ya hapo nikaanza kuzishambulia zile 80 moja moja. Nilitafuta chuo kinachompokea mwenye diploma mwaka wa pili, zikaondoka 12 za mshahara na 5 za ada. Likizo ndefu mbili nilirudi saiti kwa bosi wangu wa zamani, miezi mitatu mitatu, zikaondoka 6, na kwa sababu hakunisahau aliniajiri mara nilipomaliza, zikaondoka zile 12 za kusubiri. Zikabaki 45. Miaka minne ya kulipwa mmoja na robo ikapunguza 12, zikabaki 33, na nilivyopata muhuri, kwa ile ziada ya 18 kwa mwaka, zikaisha chini ya miaka miwili. Mwaka wa tisa tangu niingie darasani deni langu kwa nafsi yangu likawa sifuri, na kila mwezi tangu hapo ni faida. Kuna kitu nilikosea, pesa inayokuja baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa asilimia 10 kwa mwaka 100 ya miaka mitano ijayo ni kama 62 leo, nilipoiweka hiyo mwaka wa tisa ukasogea mbele kama miaka mitatu. Bado nakubali ilinilipa.

Juzi dogo mmoja wa saiti, tekinisheni kama nilivyokuwa, kaniomba lile jedwali. Nimempa, lakini safu ya mishahara ya mainjinia nimeifuta, nimemwambia akaulize mwenyewe wanalipa matekinisheni wangapi sasa hivi, arudi na majibu kumi ndo tukae.